Mechi za Kukumbukwa za Futiboli ya Vyuo Vikuu vya Marekani na Maamuzi ya Makocha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kuanzia mwisho wa Agosti hadi Desemba, Jumamosi huko Marekani ni siku ya futiboli ya vyuo vikuu, na kila mechi mpya huamsha ubishi wa zile za zamani: kocha fulani angepiga teke, kocha fulani asingemtoa kijana yule. Haya ndiyo maswali yanayojitokeza zaidi kila mashabiki wakikaa kukumbushana. Pale ninapoona kocha alionewa, nitasema.

Sijui kanuni za mchezo huu. Nijue nini ili niufuate ubishi?

Machache tu. Timu hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ikifika, inapata mengine 4. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ndiyo maana jaribio la nne huwatoa makocha jasho: upige mpira mbali kwa teke ili wapinzani waanzie nyuma, au ujitose kuzitafuta yadi zilizobaki? Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6. Baada ya hapo kocha anachagua: teke kati ya milingoti kwa pointi 1, ambalo ni nadra kukosa, au kujaribu kuingia tena kutoka yadi ya 3 kwa pointi 2, ambalo ni karibu nusu kwa nusu. Teke la milingoti bila tachidauni lina pointi 3.

Jaribio la pointi 2 liliingizwa kwenye kanuni mwaka 1958. Sehemu kubwa ya ugomvi utakaousoma hapa chini imezaliwa na kanuni hiyo.

Mbona watu wazima bado wanagombana juu ya mechi za miaka 50 au 60 iliyopita?

Kwa sababu kwa miongo mingi bingwa hakupatikana uwanjani. Hapakuwa na fainali. Waandishi wa habari walipiga kura yao, makocha wakapiga yao, na timu iliyoongoza kura ndiyo iliyoitwa bingwa wa taifa. Msimu ulikuwa na mechi 10 au 11 hivi, kwa hiyo kupoteza moja mwezi wa Novemba kungeweza kuufuta mwaka mzima. Na mechi ikiisha sare, ilibaki sare: muda wa nyongeza haukuanza kutumika katika mechi za kawaida za msimu hadi 1996. Kocha aliamua mambo huku sikio moja likiwa uwanjani na jingine kwa wapiga kura.

Mambo yalibadilika taratibu. Mfumo wa BCS, uliokutanisha namba 1 na namba 2, ulianza msimu wa 1998. Mchujo wa timu 4 ukaja msimu wa 2014, na wa timu 12 msimu wa 2024.

Je, Tom Osborne alikosea kujaribu pointi 2 kwenye Orange Bowl ya 1984?

Hili ndilo swali linaloongoza, na linastahili kujibiwa kwa kirefu.

Orange Bowl ni mojawapo ya mechi maalumu za mwisho wa msimu, ziitwazo bowl. Tarehe 2 Januari 1984, mjini Miami, Nebraska ya Osborne ilikuwa namba 1 kwenye kura. Ilikuwa imeshinda mechi zake zote 12 kwa wastani wa pointi 52 kila mechi. Wenyeji, Miami, walikuwa namba 5 chini ya kocha Howard Schnellenberger na kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) kijana, Bernie Kosar. Miami walitangulia 17-0, na robo ya nne ilianza wakiwa mbele 31-17. Mike Rozier, mkimbiaji bora wa Nebraska na wa nchi nzima mwaka ule, alikuwa ametoka kwa jeraha la kifundo cha mguu. Jeff Smith aliyeingia badala yake akafunga mara mbili. Ya pili ilikuja kwenye jaribio la nne, zikihitajika yadi 8. Akakimbia yadi 24 hadi ndani, zimebaki sekunde 48. Ubao ukasoma 31-30.

Teke moja lingeleta 31-31. Texas, iliyokuwa namba 2, ilikuwa imeshafungwa na Georgia 10-9 siku ileile, na mashabiki wa pande zote wanakubali kwamba sare ingetosha kumpa Osborne ubingwa wake wa kwanza. Alikataa. Aliagiza pointi 2. Turner Gill akamrushia Smith, mlinzi Ken Calhoun akaugusa mpira, ukaanguka. Kura zikawapa Miami ubingwa.

Kutaka kushinda halikuwa kosa. Vijana walioshinda mechi 12 wangeondoka uwanjani na taji la kuombewa huruma, na Osborne hakutaka kuwatwika hilo. Ninamheshimu kwa uamuzi ule kuliko makocha wengi walioshinda mataji.

Lakini kuna jambo ambalo wabishi hulipita bila kulitazama. Nebraska walipofunga ile tachidauni ya kwanza ya robo ya nne, ubao ulikuwa 31-23. Osborne akapiga teke, 31-24. Pale ndipo palipokuwa mahali pa kujaribu pointi 2. Tuchukulie kila jaribio ni nusu kwa nusu, na kwamba tachidauni ya pili ingekuja vilevile. Akifanikiwa, inakuwa 31-25. Tachidauni ya pili na teke zinampa 32-31, ushindi. Akishindwa, inabaki 31-23. Tachidauni ya pili na jaribio jingine la pointi 2 vinaweza kumpa 31-31. Hesabu inatoka hivi: kushinda asilimia 50, sare 25, kufungwa 25. Kwa njia aliyoifuata yeye ilikuwa kushinda 50, kufungwa 50. Nafasi ya kushinda ni ileile, ila ya kwanza ina akiba.

Kuna kocha yeyote wa zamani aliyeiona hesabu hiyo?

Yupo, na aliiona miaka 14 kabla. Darrell Royal wa Texas.

Tarehe 6 Desemba 1969, Fayetteville, Arkansas: namba 1 Texas dhidi ya namba 2 Arkansas, Rais Nixon akiwa jukwaani. Arkansas waliongoza 14-0 hadi robo ya nne. Mwanzoni kabisa mwa robo hiyo kwotabeki James Street alichomoka yadi 42 na kufunga. Royal alikuwa ameshaamua kabla ya mechi kwamba tachidauni ya kwanza itafuatiwa na jaribio la pointi 2. Street akaingia mwenyewe: 14-8. Tangu dakika ile Texas walihitaji tachidauni moja na teke moja tu kushinda.

Na Frank Broyles wa Arkansas aliwasaidia. Timu yake ilifika yadi ya 7 ya Texas. Teke lingeifanya 17-8, na pointi 9 hazipatikani kwa tachidauni moja. Badala yake waliurusha mpira, na Danny Lester wa Texas akaunasa ndani ya eneo la mwisho. Naiona ile kuwa gharama kubwa kuliko kitu kingine chochote kilichofanywa mchana ule, ingawa mashabiki huzungumza zaidi juu ya kilichofuata: jaribio la nne, zikihitajika yadi 3, Texas wakiwa kwenye nusu yao, zimebaki chini ya dakika 5. Kila mtu alingoja mbio fupi. Royal akaagiza pasi ndefu. Street kwa Randy Peschel, yadi 44, walinzi wawili wakiwa wamemganda. Jim Bertelsen akafunga, teke likaingia, 15-14.

Watu humsifu Royal kwa pasi ile. Mimi namsifu kwa zile pointi 2, kwa sababu pasi ilihitaji bahati, lakini pointi 2 zilihitaji kufikiri mapema, kabla jasho halijaanza kutoka.

Na Bobby Bowden?

Bowden, kocha wa Florida State, alifika njia panda ya Osborne tarehe 3 Oktoba 1987, dhidi ya Miami haohao. Florida State wakafunga mwishoni na kubaki nyuma 26-25, akajaribu pointi 2, pasi ikazuiwa. Miami walimaliza msimu bila kufungwa na wakawa mabingwa; Florida State walimaliza namba 2, wakiwa wamepoteza mechi ile moja tu.

Ni haki kumwita Ara Parseghian mwoga kwa sare ya 1966?

Si haki, na nimechoka kulisikia neno hilo.

Tarehe 19 Novemba 1966, East Lansing. Notre Dame ya Parseghian namba 1, Michigan State namba 2. Notre Dame walimpoteza kwotabeki wao Terry Hanratty mapema, baada ya kuangushwa na Bubba Smith. Aliyeingia, Coley O'Brien, alikuwa mgonjwa wa kisukari, na kufikia mwisho alikuwa amechoka vibaya. Nick Eddy, mkimbiaji wao tegemeo, hakucheza kabisa: aliumia bega alipoteleza akishuka kwenye treni. Pamoja na hayo walitoka 10-0 nyuma hadi 10-10. Ikabaki dakika moja na kidogo, mpira wanao kwenye yadi ya 30 ya kwao. Parseghian akaagiza mbio za kumaliza saa. Mashabiki wa Michigan State walizomea.

Sasa jiweke mahali pake. Upande wa pili alikuwapo Dick Kenney, mpigaji kutoka Hawaii aliyepiga teke bila kiatu, ambaye siku ileile alikuwa ameshaingiza la yadi 47. Pasi moja kunaswa, na Kenney angepata nafasi ya pointi 3 za ushindi. Notre Dame walikuwa bado na mechi dhidi ya USC (Southern California) wiki iliyofuata. Michigan State msimu wao ulikuwa umekwisha. Parseghian akaenda Los Angeles akashinda 51-0, na kura zikampa ubingwa. Walioonewa kweli mwaka ule ni Alabama: walishinda mechi zao zote na wakaishia namba 3.

Anayemwita mwoga aitazame pia Sugar Bowl ya tarehe 31 Desemba 1973. Notre Dame dhidi ya Alabama ya Bear Bryant, 24-23, dakika za mwisho, jaribio la tatu, mpira uko karibu na mstari wao wenyewe. Kila kocha angekimbiza mpira kisha apige teke la kujiokoa. Parseghian aliagiza pasi kutoka ndani ya eneo lake la mwisho: Tom Clements kwa Robin Weber, mchezaji ambaye Alabama hawakuwa na sababu ya kumwangalia, yadi 35. Mechi ikaishia hapo, na ubingwa wa kura za waandishi ukaenda Notre Dame.

Ni kweli mechi moja ndiyo iliyoondoa ubaguzi kwenye timu za Kusini?

Inayotajwa ni ya tarehe 12 Septemba 1970, Birmingham, ambapo USC ya John McKay iliifunga Alabama 42-21, na Sam Cunningham, kijana Mweusi katika mechi yake ya kwanza, akakimbia yadi 135 na kufunga mara 2. Ilikuwa siku kubwa. Iliwaonyesha mashabiki waliokuwa wagumu kwamba timu yao ya Wazungu watupu imeachwa nyuma.

Lakini hadithi kwamba siku ile peke yake ilibadilisha kila kitu inawafuta watu. Wilbur Jackson, Mweusi wa kwanza kupewa nafasi ya masomo na timu ya Alabama, alikuwa ameshasajiliwa. Nate Northington wa Kentucky alikuwa ameshacheza katika ligi ya Kusini-Mashariki tangu 1967. Michigan State ya 1966 ilijaa vijana Weusi waliotoka Kusini, akina Bubba Smith wa Texas na Jimmy Raye wa North Carolina, ambao vyuo vikubwa vya kwao havikuwataka. Na ile Texas ya 1969 niliyoisifu hapo juu? Haikuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja, bingwa wa mwisho wa aina hiyo. Nawakumbuka wote pamoja, Royal na wale ambao hakuwapa jezi.

Kile kichekesho cha bendi uwanjani kilitokeaje?

Tarehe 20 Novemba 1982, Berkeley, California dhidi ya Stanford ya John Elway. Stanford wakapiga teke la yadi 35 na kuongoza 20-19, zimebaki sekunde 4. California wakapokea mpira wa kuanzisha, wakarushiana kwa nyuma mara 5, na Kevin Moen akafunga akipita katikati ya bendi ya Stanford iliyokwisha kuingia uwanjani kusherehekea. Akamwangukia mpiga tromboni. 25-20.

Kilichosahaulika ni kwamba Stanford walisimamisha saa zikiwa sekunde 8. Wangengoja hadi 3, teke lao lingekuwa tendo la mwisho la mechi. Na kwa kusherehekea mapema walikuwa wameadhibiwa yadi 15, hivyo walianzisha mpira kutoka nyuma zaidi.

Pete Carroll angepiga teke dhidi ya Texas?

Rose Bowl, tarehe 4 Januari 2006. USC ya Carroll walikuwa wameshinda mechi 34 mfululizo na wako mbele 38-33. Jaribio la nne, yadi 2, karibu na katikati ya uwanja, zimebaki dakika 2 na sekunde 13. Wakizipata hizo yadi 2, mechi imekwisha. Carroll alimpa mpira LenDale White, akazuiwa. Vince Young akaipeleka Texas yadi 56, na kwenye jaribio la nne akaingia kwa miguu yake mwenyewe zikiwa sekunde 19. 41-38.

Kujaribu kulikuwa sahihi. Young alikuwa hashikiki usiku ule. Kumrudisha nyuma yadi 35 kwa teke kusingemzuia. Ninachokilaumu ni kwamba Reggie Bush, mchezaji bora wa mwaka, alikuwa amesimama nje ya mstari. Hata kama hapewi mpira, uwepo wake ungewavuta walinzi wawili.

Uamuzi gani ulihitaji moyo mgumu kuliko yote?

Nick Saban wa Alabama, Atlanta, tarehe 8 Januari 2018, fainali dhidi ya Georgia. Mapumzikoni Alabama wako nyuma 13-0. Jalen Hurts, kwotabeki aliyeanza mechi kwa misimu miwili na kufungwa mara 2 tu, akawekwa benchi. Akaingizwa Tua Tagovailoa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka Hawaii ambaye hakuwa ameanza mechi hata moja. Mwishoni mwa muda wa kawaida Alabama walikosa teke la ushindi. Katika muda wa nyongeza Georgia waliongoza kwa pointi 3, kisha Tua akaangushwa na kurudishwa yadi 16. Jaribio la pili, yadi 26. Pasi ya yadi 41 kwa DeVonta Smith, 26-23.

Ila ukiisimulia bila sehemu ya pili unamnyima Hurts haki yake. Alibaki. Tarehe 1 Desemba 2018, uwanja uleule, wapinzani walewale, Tua akaumia Alabama wakiwa nyuma 28-21. Hurts akaingia na kushinda 35-28. Kocha wa Georgia, Kirby Smart, alimsaidia: ikiwa 28-28 alijaribu hila kwenye jaribio la nne lenye yadi 11, akijifanya anapiga teke, ikagonga mwamba. Hurts baadaye akawa bingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, akiwa na timu ya Philadelphia.

Kwa nini Auburn wanaisherehekea sekunde 1?

Tarehe 30 Novemba 2013, dhidi ya Alabama ya Saban, 28-28, saa ikaisha. Saban alidai sekunde 1 irudishwe, na waamuzi wakakubali. Alikuwa na haki. Akaitumia kwa teke la yadi 57. Likawa fupi. Chris Davis wa Auburn alikuwa amewekwa nyuma kabisa, akaudaka na kukimbia uwanja mzima. 34-28. Hatari ya teke refu ni hii: walio uwanjani kulilinda ni wanaume wazito wa mstari wa mbele, na hawawezi kumkimbiza mtu mwepesi.

Timu ndogo zinashindaje kubwa?

Kwa kujitosa bila kungoja ruhusa. Boise State, Fiesta Bowl ya tarehe 1 Januari 2007, waliifunga Oklahoma 43-42 kwa hila tatu. Walisawazisha zikiwa sekunde 7 kwa pasi iliyofuatwa na kurushiana pembeni, kwenye jaribio la nne lenye yadi 18. Katika muda wa nyongeza mpira ulirushwa na mtu asiye kwotabeki, tena jaribio la nne. Kisha kocha wao, Chris Petersen, akakataa teke la kusawazisha: Jared Zabransky alijifanya anarusha kulia huku akimpa Ian Johnson mpira nyuma ya mgongo, pointi 2. Petersen alijua kwamba kadiri mechi ingerefuka, uzito wa Oklahoma ungeshinda.

Appalachian State kuifunga Michigan 34-32, tarehe 1 Septemba 2007, kuna somo la upande wa pili. Michigan walijaribu pointi 2 mara mbili, wakakosa zote. Wangepiga teke mara zote mbili, lile teke la mwisho la Appalachian lingeleta sare tu. Kujaribu mapema si dawa ya kila siku. Lazima hesabu ya ubao ikudai.

Je, kuna mtu wa kwetu katika historia hii?

Mathias Kiwanuka, mlinzi wa pembeni aliyeng'ara Boston College kabla ya kuchukuliwa na timu ya kulipwa ya New York Giants mwaka 2006. Ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. Chuo hicho ndicho cha Doug Flutie, aliyerusha ile pasi ya sekunde ya mwisho kwa Gerard Phelan na kuifunga Miami 47-45 mwezi wa Novemba 1984.

Osborne alipata ubingwa mwishowe?

Alipata mara 3: misimu ya 1994, 1995 na 1997, huu wa mwisho akigawana na Michigan, kisha akastaafu. Wa kwanza aliupata kwa kuifunga Miami 24-17, katika uwanja uleule wa Orange Bowl, akitokea nyuma katika robo ya nne.

Nikitaka kuzitazama, nianze na ipi?

Texas na Arkansas ya 1969, kisha moja kwa moja Orange Bowl ya 1984. Katika zote mbili usikimbilie dakika ya mwisho. Rudisha nyuma hadi tachidauni ya kwanza ya robo ya nne, na umtazame kocha anainua kidole kimoja au viwili.